Jeki Huinua, Haishiki

Wanangu, tangu niache kazi ya gereji, magari hunijia usingizini. Hayaji na kelele. Huja yameinuka, yananing'inia hewani kama nguo kambani, nami nimelala chali chini yake nikitazama matumbo yake: ekseli, springi, bomba la moshi, grisi iliyoganda pembeni. Hakuna kinachonikaba roho. Mke wangu asema mimi hucheka usingizini. Humwambia heri kucheka, kwani wako mafundi ambao gari likiwajia ndotoni huamka wamelowa jasho. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha kazi.

Jina langu Shee. Ukiuliza Fundi Shee hapa Kisauni, hukosi mtu wa kukuonyesha. Utu uzima wangu wote niliumaliza katika gereji moja ya mabati karibu na Frere Town, na sasa nakaa barazani, magoti yakilia kuliko springi kavu, sina cha kuwapa ila maneno. Nawapa nyinyi mlio na pikapu zenu na mnapenda kuzifungua wenyewe nyumbani siku ya mapumziko, simu mmeiegemeza kwenye tairi, ikiwaonyesha mtu wa nchi za mbali akiinua gari lake. Sina ugomvi na mwalimu wa kwenye simu. Kazi anaijua. Ila yeye ameegesha juu ya sakafu ya saruji iliyonyooka kama meza, na wewe umeegesha juu ya mchanga wa Utange.

Mwalimu wangu mimi aliitwa Abeid. Sote tulimwita Ami Abeid, hata wateja waliomzidi umri. Alikuwa mwembamba kama ufito, mpole wa sauti, na alikuwa na kofia mbili: ya kazi, iliyokuwa nyeusi kwa mafuta, na ya msikitini, iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki na kutundikwa msumarini, mbali na sisi sote. Alikuwa na jambo moja lililowashangaza watu. Haingii chini ya gari. Abadan. Alikaa juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, shavu kiganjani, akasikiliza.

"Shee, hebu gonga hapo. Si hapo, nyuma kidogo. Basi. Hiyo bushi imekwisha."

Nami kule chini nilipotazama hiyo raba ya springi, nilikuta imekwisha kweli. Wateja wageni walidhani ni maringo. Mmoja alimwita Bwana Mkubwa, mbele ya watu, kwa kejeli. Ami Abeid akaitika "Labeka" kwa sauti tamu hata yule mteja akaona haya, akaomba maji ya kunywa.

Mimi alinieleza sababu siku moja ya mvua ya masika, tulipokuwa tumekaa tukingoja maji yapungue uwanjani. Alisema huku akitazama matone yakidondoka ukingoni mwa bati, kana kwamba anayasimulia hayo matone. Ujana wake alifanya kazi Changamwe, yeye na rafiki yake Hamisi. Walikuwa wamelala chini ya lori bega kwa bega, lori limesimama juu ya jeki peke yake, na Hamisi anamsifia papa wa kukaanga aliyepikiwa na mkewe. Ami akatambaa akatoka kuchukua spana.

"Nilisikia sauti ndogo," aliniambia. "Kama mtu anayeketi kwenye kochi. Nikageuka."

Mvua ilipopungua aliinuka, akaenda akainua bonneti ya gari lililokuwa halina tatizo lolote la injini, akasimama hapo muda mrefu.

Tangu siku hiyo nilielewa kwa nini alitufundisha kuinua gari kama watu wengine wanavyofundisha sala. Neno lake lilikuwa moja: "Jeki huinua, haishiki." Alikuwa na maana kwamba jeki ni mkono wa kunyanyua tu. Ukishanyanyua, gari lazima likabidhiwe kwa kitu kinachoweza kusimama bila kuchoka: stendi za chuma zenye miguu mipana, au magogo magumu yaliyopangwa kwa kukingamana. Jeki ya mafuta, ile fupi kama chupa, ndani yake mna raba ndogo, na raba huzeeka kama sisi. Yaweza kushikilia asubuhi yote, kisha adhuhuri ikaanza kushuka polepole, bila kukuaga.

Basi hebu niwaambie alivyofanya, mimi nikawa nafanya, na nyinyi mfanye. Kwanza alitembea. Alilizunguka gari lote akikanyaga ardhi kwa kisigino, kama mtu anayetafuta mahali pa kuchimba kisima. Akiona pameinama, alisogeza gari. Akiona pana mchanga, aliita mbao, pana na nene, si vipande vya sanduku la nyanya. Jeki haikai mchangani, wanangu. Ina kitako kidogo na imebebeshwa mzigo mkubwa. Mchanga utaimeza upande mmoja, itainama, na ikiinama imekwisha.

Kisha alipakua. Pikapu yenye mzigo nyuma hakuigusa. Wala hakutaka mtu ndani, hata bibi harusi.

Na hili lisikilizeni vizuri, kwa sababu ndilo linalowaponza watu wa pikapu. Pikapu nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukitia gia, gia hushika nyuma. Ukivuta handbreki, nayo hushika nyuma. Sasa wewe waenda kuinua huko huko nyuma. Gurudumu moja likishakuwa hewani, ekseli humwachia mwenzake azunguke atakavyo, gia isizuie kitu. Unabaki na handbreki kwenye gurudumu moja lililo chini, na yale ya mbele hayana kinachoyazuia. Gari huondoka taratibu, kama mtu anayeondoka kwenye maulidi bila kutaka kuonekana. Dawa yake ni kabari: kigogo kilichochongwa upande mmoja, kikasukumwa barabara mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Usipokuwa nacho, tafuta jiwe zito lenye pembe. Na hiyo handbreki usiilegeze mpaka gari limekaa juu ya stendi.

Nati za gurudumu alizilegeza gari likiwa bado chini, ili asije kuvutana na spana gari likiwa juu. Jeki aliiweka chini ya ekseli, karibu na springi, penye chuma kinene. Hakuiweka chini ya bati la bodi wala chini ya lile donge la gia lililo katikati ya ekseli. Aliinua kidogo, akatazama. Akainua tena, akatazama. Akatia stendi, akalishusha gari mpaka likaikalia, kisha akaipandisha jeki ikagusa tu, iwe shahidi. Gurudumu alilolitoa alilitelezesha chini ya chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba bodi, likalala hapo. Stendi ikikosea, gari litaangukia mpira badala ya kifua cha mtu. Mwisho kabisa aliisukuma pikapu kwa nyonga, kwa nguvu, na kutusubirisha kimya. "Itikiseni kabla hamjaingia," alisema. "Mkishaingia mtamtikisia nani?"

Wakati huo wa kimya niliupenda kuliko kitu chochote katika kazi ile. Gari limeinuka, hakuna anayesema, jua limepenya kwenye matundu ya mabati na kutia madoa sakafuni, na kila mtu amesimama kama anayengojea kuitwa jina. Kisha Ami alitikisa kichwa kukubali na dunia ikaanza tena.

Sasa niwaeleze ya Karisa.

Karisa alikuwa mteja wetu, kijana mkunjufu wa Kigiriama aliyejenga Utange na mkewe Kadzo. Alikuwa na pikapu ya buluu iliyopauka, aliyoitumia kuleta nazi kutoka Kaloleni hadi Kongowea. Kadzo ndiye aliyeziuza sokoni. Breki za nyuma za pikapu zilikuwa zikipiga kelele wiki nzima, na Karisa alikuwa na safari Jumatatu alfajiri. Jumamosi aliniomba nimwazime stendi akazifungue mwenyewe nyumbani.

"Nitakuletea kesho baada ya adhuhuri," nikamwambia. "Usiinue kabla sijafika."

"Fundi, mimi tena? Nitakusubiri."

Jumapili tuliswali, nikamwomba Ami Abeid anisindikize. Alikuwa mzee tayari, haji gereji kila siku, lakini alipenda kupanda tuktuk kwa ajili ya upepo. Tukaweka stendi na mbao miguuni petu, tukaenda. Naikumbuka safari ile kama kitu nilichokiona kupitia maji. Joto lilikuwa limewalaza watu. Maduka yamefunguliwa lakini hayana wauzaji, mbuzi wamelala kwenye vivuli vya kuta, na mahali fulani mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili, bila kufika tatu. Ami alifumba macho, upepo ukimpepea ndevu. Nilidhani amelala. Kumbe alikuwa akisikiliza, maana ndiye aliyesema, kabla ya mimi kusikia chochote:

"Kuna mwanamke analia."

Tulipokata kona tukawaona. Watu walikuwa wakikimbilia uani kwa Karisa kutoka kila upande, wengine na nguo za kanisani. Pikapu ilikuwa imelala upande wa nyuma kushoto, haina gurudumu, na ile sufuria ya chuma inayofunika breki, tuiitayo dramu, ilikuwa imezama mchangani. Miguu miwili ilitokeza chini ya bodi. Kadzo alikuwa amepiga magoti, mikono yake imejaa machicha ya nazi, akiita, "Karisa! Mulungu wangu! Karisa!"

Yaliyotokea alitueleza baadaye Karisa mwenyewe. Alisema alipotoka kulala aliona saa zinakwenda, akawaza atoe gurudumu tu, kuokoa muda. Akaweka jeki mchangani. Gurudumu likatoka bila shida. Dramu ikagoma, kwa hiyo akalegeza handbreki. Bado ikagoma. Ndipo akajisogeza chini kutazama waya wa handbreki, mara moja tu, atoke. Mbele hakuwa ameweka hata kokoto. Pikapu ikasogea kiasi cha kiganja, na kiganja kilitosha. Jeki ikalala, na gari likamkalia kifuani.

Kilichomwokoa asife papo hapo ni kwamba dramu ilitua mchangani na kusimama, ikamwachia nafasi ndogo. Alikuwa anapumua kwa juu juu, kama mbayuwayu aliyeshikwa mkononi. Jeki yenyewe ilikuwa imebanwa kule chini, na mimi sikuja na nyingine.

Wanaume walikwisha kushika bampa. "Moja, mbili..." mmoja alianza kuhesabu.

"Wacheni!"

Sijapata kumsikia Ami Abeid akipaza sauti, kabla ya siku ile wala baada yake. Kila mtu aliganda.

"Mwataka kumuua? Mkiinua itasogea mbele tena, na mkichoka itarudi palepale. Toeni mikono polepole. Polepole! Shee, magurudumu ya mbele."

Palikuwa na lundo la mawe ya matumbawe ya kujengea, nikachukua makubwa, nikayagongomea mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Kisha nikatandika mbao, nikaweka stendi moja chini ya chesisi kila upande, na juu ya stendi nikapachika vipande vya mbao mpaka vikabana chuma. Gari halikuweza kushuka tena hata kwa unene wa ukucha. Lakini halikupanda vilevile, na Karisa alikuwa ameanza kubadilika rangi midomoni.

"Sasa mnamtoaje?" Kadzo akauliza. Hakulia tena. Alimtazama Ami Abeid peke yake, kama vile uani hapakuwa na mtu mwingine.

Ami alitazama chini. Akaushika mchanga, akauachia ukamwagika kati ya vidole.

"Mchanga ndio uliomwangusha," alisema. "Na huu huu utamtoa. Hatutainua gari. Tutamshusha yeye."

Nikaelewa. Nikalala kifudifudi kuingia, nikafika mabegani nikakwama. Mimi nilikuwa mtu wa mwili, wanangu, si huyu mnayemwona. Nikajaribu upande wa pili, nikakwama tena. Nilipotoka nikageuka kumtafuta mtu mwembamba, nikamkuta Ami Abeid amekwisha kuvua kofia yake ya msikitini. Alimkabidhi Kadzo.

"Ami," nikasema.

"Nipe kifuu," akasema.

Mtu akampa kifuu cha nazi. Ami akakipima kiganjani. Alisema bismillahi kwa sauti ya kawaida, kama anayeanza kula, akalala chini, akaingia.

Hapo ndipo muda ulipoacha kwenda. Sijui nilieleze vipi jambo hili. Nilisikia njiwa juu ya paa. Nilisikia kifuu kikikwangua mchanga, kwa utaratibu, kama mtu anayekuna nazi ya futari na saa ya kufuturu ingali mbali. Kadzo alikuwa upande wa pili, mkono wake wote umeingia chini, akichimba kwa vidole na kuuvuta mchanga kifuani kwake. Mimi nilipokea mchanga na kuutupa. Ulikuwa wa moto juu, na kila tulipozidi kuchimba ulikuwa na unyevu na rangi nyingine. Jua lilikuwa limesimama. Nilihisi kama sote tumo ndani ya usingizi wa mtu mmoja, na tunaogopa kumwamsha.

Chini, Ami alikuwa akizungumza. Nilidhani anasoma dua. Nilipoinama nikasikia anamwuliza Karisa habari za chakula.

"Mkeo alikuwa anapika nini leo?"

Akakwangua mara mbili, akauliza tena.

"Nakuuliza, mwanangu. Anakuna nazi ya nini?"

"Kisamvu," Karisa alisema, sauti yake kama karatasi.

"Kisamvu. Na wali au na sima?"

"Sima."

"Ala! Kisamvu cha nazi, na wewe walala huku? Toa pumzi. Yote. Usivute nyingine mpaka nikwambie. Kadzo! Chimba chini ya bega. Hapo. Shee, mshikeni miguu, mvute nikisema. Si kabla."

Kifuu kikakwangua tena. Kisha Ami akasema, "Sasa."

Tukamvuta. Alikuja na mchanga, na shati limechanika, na alama ya chuma kifuani nyekundu kama muhuri. Akapiga kelele ya maumivu, na ile kelele, wanangu, ilikuwa nzuri kuliko kasida yoyote niliyopata kuisikia, kwa sababu mtu hapigi kelele bila pumzi. Dereva wa tuktuk alikuwa amekwisha kugeuza chombo. Wakampakia Karisa, Kadzo akampakata kichwa, kofia ya Ami ingali mkononi mwake, wakaenda hospitali. Mbavu zilikuwa zimevunjika, na alikaa huko siku kadhaa. Lakini alirudi kwa miguu yake.

Watu walipowafuata, mimi nikabaki na pikapu. Ndipo nikagundua kwamba Ami hakutoka.

Nikalala chini haraka. "Ami! Umeumia?"

"La."

Alikuwa amegeuka chali katika lile shimo alilolichimba, mikono juu ya tumbo, macho wazi. Mchanga ulikuwa umemjaa ndevuni. Alitazama juu, na machozi yalikuwa yakimtiririka pembeni kuelekea masikioni, lakini uso wake ulikuwa umetulia.

"Niache kidogo," akasema.

Nikamwacha. Kisha nikaona si vizuri kumwacha peke yake, nikajisogeza kadiri mwili wangu ulivyoweza, kichwa na mabega, nikalala karibu naye. Stendi zilikuwa zimesimama imara huku na huku. Mwanga uliingia kwa chini, ukilamba chuma, na vumbi lilielea ndani yake bila kuanguka. Kwa mbali yule mtu alikuwa bado na kipaza sauti chake. Tulikaa hapo kama watu waliolala chini ya dari moja.

Kisha akanyoosha mkono, akaigusa springi kwa ncha ya kidole, jinsi mtu anavyogusa paji la uso la mgonjwa.

"Hamisi alikuwa hodari kuliko mimi," akasema. "Angelikuwa hai, wewe ungefunzwa na yeye."

Nikamwambia kwamba bushi za springi zile zilionekana nzuri.

"Nzuri wapi?" akasema. "Huna macho?" Akaanza kucheka, nami nikacheka, na vumbi likatuingia puani tukatoka tukipiga chafya.

Msidhani tangu hapo akawa anaingia chini ya magari. Hakuingia tena, na hakuna aliyemwomba. Lakini alianza kulitaja jina la Hamisi gerejini, katikati ya kazi, kama mtu anayetaja jirani: Hamisi angelifungua hivi, Hamisi alikuwa hapendi spana hii. Amekwisha kutangulia mbele ya haki sasa, Mungu amrehemu, na mimi namtaja yeye vivyo hivyo.

Pikapu ya Karisa ilibaki uani bila gurudumu mpaka alipopata nafuu. Tulirudi huko asubuhi moja ya Jumamosi, mimi na Ami, kumalizia ile breki. Tulikuwa tumeleta jeki yetu ya gereji na mbao za kutosha. Karisa alitukaribisha kwa furaha, akatuwekea viti, akaleta chai ya tangawizi na mahamri. Lakini nilipotandika mbao alisimama mbali, mgongo ukigusa ukuta wa jikoni. Nilimwita aje ashike taa. Akapiga hatua, akasimama.

"Fundi, siwezi," akasema. "Nilidhani naweza."

Ami akaweka kikombe chini. "Hakuna anayekulazimisha, mwanangu. Kaa hapa nami."

Karisa akakaa, akainamisha kichwa. Mtu mzima kuogopa chombo chake mwenyewe mbele ya mkewe si jambo dogo. Kadzo alikuwa mlangoni. Aliingia ndani, tukadhani amemhurumia mumewe asitazamwe. Akatoka amefunga leso kiunoni, na suruali kuukuu ya Karisa chini yake.

"Nielezeni," alisema. "Huyu akisafiri peke yake na nazi, nani atamfungia gurudumu njiani? Bora nijue mimi, niwe naye."

Karisa akainua kichwa. "Kadzo, hii si kazi ya..."

"Ya nani?"

Ami Abeid akainua kikombe chake, akakohoa ndani yake.

Basi nilimwambia kila kitu, naye alikifanya kwa mikono yake, mimi nimeweka yangu nyuma. Alizunguka pikapu akikanyaga ardhi. Alizigongomea kabari mpaka nikamwambia basi, zitapasuka. Aliinua kidogo, akatazama, akainua, akatazama. Alipofika kwenye stendi alirudi nyuma mara kwa mara kuhakikisha zimenyooka, akafunga jicho moja kama fundi mwashi. Alitelezesha gurudumu chini ya chesisi bila kukumbushwa. Kisha akaisukuma pikapu kwa nyonga, na Kadzo ana nyonga, wanangu, ya kubebea magunia. Chombo kilitikisika na hakikusogea. Akaisukuma tena. Akasubiri.

Upepo wa asubuhi ulikuwa unapita kwenye mivinje. Karisa alikuwa ameshika mkono wa kiti cha Ami. Nilimwona anataka kumkataza, midomo ikifunguka na kufungika.

Kadzo akamtazama. "Ukae hapo hapo nikuone," akamwambia. "Na unisemeshe."

Akalala, akajisukuma kwa visigino, akaingia taratibu hata ikabaki miguu tu, ile miguu yenye hina iliyofifia kutoka harusi ya mtu. Karisa akajisogeza ukingoni mwa kiti.

"Mke wangu," akasema, "uko vipi huko?"

Sauti yake ikaja, ya mtu aliyejinyoosha baada ya kazi nyingi, ya mtu asiye na haraka ya kutoka:

"Kumbe huku chini pana baridi nzuri."